Koti Alilolifua Hajra

Mtu yeyote aliyewahi kuwa dobi anajua maana ya harusi tatu kwa siku moja. Jumamosi ile Bagamoyo ilikuwa nazo tatu, na Hajra binti Mwinyimvua alikuwa hajaiweka pasi chini tangu alfajiri. Ilipogonga saa sita mchana akajitosa stendi kutafuta bodaboda, dera lake la kijani limelowa jasho mgongoni, kanzu nane nyeupe kazilaza mikononi kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Stendi haipitiki! Matarumbeta ya harusi yamekutana uso kwa uso na gari la zimamoto lililokuwa linatoka kuzima moto wa duka la mbao, na hakuna anayetaka kumpisha mwenzake.

Kijana mmoja akaruka kutoka kwenye gari lile kununua maji. Mrefu, mweusi kwa kuzaliwa na mweusi zaidi kwa masizi, ncha za kope zimeungua. Akanyoosha mkono kupokea chupa, na mkono wa koti lake la kazi ukapita juu ya kanzu ya kwanza, kutoka begani mpaka kifuani.

"We kaka! Huna macho?" Hajra akapiga ukelele.

"Ninayo dada, ila yamejaa moshi. Samahani sana."

"Samahani inafua? Hii kanzu ya bwana harusi! Anaoa saa kumi!"

Kijana akapeleka kiganja apanguse. Doa lililokuwa moja likawa mawili. Watu wakaangua kicheko, hata mpiga tarumbeta akakatisha wimbo.

"Usiguse! Toa mkono wako huo! Masizi hayasuguliwi, ukiyasugua unayaingiza ndani."

"Kumbe. Sasa yanatolewaje?"

"Wewe yakuhusu nini?"

"Yananihusu, nimeyaleta mimi. Dada, duka lako liko wapi? Nikishavua hili koti nakuja tufue wote. Naitwa Ausi."

Hajra akamtazama juu mpaka chini, akasonya, akamwonyesha kwa kidevu upande wa Magomeni, mtaa wa pale pale Bagamoyo. Hakutegemea kumwona tena. Lakini nusu saa haikupita, Ausi kasimama mlangoni pake, kanawa uso tu, mwanya unachungulia katika tabasamu. Hajra akanyunyiza poda ya mtoto juu ya doa, akaiacha inyonye, akaikung'uta taratibu, kisha akamkabidhi Ausi upande mmoja wa kanzu ndani ya beseni la sabuni ya vyombo. Wakaisuuza wakiwa wameishika, huyu upande huu na huyu upande huu. Bwana harusi alioa saa kumi na kanzu safi, na hajui mpaka leo.

Haya, mapenzi yakaanza hivyo, kwa poda ya mtoto. Simu zikawa haziishi.

"Dobi wangu, unafua nini leo?"

"Mashuka ya gesti. Wewe unazima nini?"

"Nazima njaa. Wa zamu kapika wali, juu uji, chini makaa."

"Pole laazizi. Pitia, nimekuwekea samaki wa kupaka."

"Niko njiani."

"Muongo! Uko zamu."

"Moyo ndio uko njiani, mwili utafuata saa kumi na mbili."

Ummy, mwenzake Hajra wa kupiga pasi, alikuwa akisikia hayo anageuza macho. "Mtatuchoma nguo kwa maneno hayo."

Ila palikuwa na kitu kimoja baina ya wapenzi hawa, nacho ni koti. Koti la moto la Ausi lilikuwa moja ya yale yaliyokuja kutoka ng'ambo yakiwa yameshavaliwa na wengine. Rangi yake ya asili alikuwa haijui mtu. Lilikuwa jeusi, gumu, linasimama lenyewe ukiliweka chini. Na halijafuliwa hata siku moja, kwa sababu kwa askari wale koti safi ni koti la kuruta. Mwenye koti jeusi ndiye mwanamume aliyeingia motoni akatoka. Ausi hakuliacha hata kituoni, maana makoti hayatoshi na zamu nyingine ingelichukua. Alikwenda nalo nyumbani, na siku za kumtembelea mama yake kule Mbegani alilitundika chumba cha nyuma pale kwa Hajra. Hajra alikuwa akifunga duka analiinamia, anaweka uso kwenye kola, ananusa moshi na jasho la mpenzi wake. Wengine wana picha, yeye alikuwa na koti.

Mpaka siku walipokwenda kumjulia hali Mzee Raymundi.

Raymundi alikuwa mtu wa bara, kahamia Kerege zamani, na ndiye aliyemfundisha Ausi kazi. Miaka ishirini na minane katika moto. Walimkuta ameketi kitandani, shingo imebaki mshipa na mfupa, sauti imekwisha. Saratani ya koo.

"Shikamoo afande," Ausi akasema.

"Marahaba, kuruta wangu." Ilikuwa kama mtu anayenong'ona kutoka chumba kingine.

Mkewe, Mama Verdiana, akawakaribisha chai, akakaa karibu na Hajra akiukunja upindo wa kitenge chake.

"Nesi aliniuliza koti la kazi alikuwa analiweka wapi," akasema. "Nikamwambia mlangoni, chumbani kwetu. Akaniuliza nguo zake nilikuwa nafua na nini. Nikamwambia beseni moja na za watoto. Akaandika tu, mwanangu."

"Daktari anasemaje, mama?"

"Anasema hawezi kuapa ugonjwa umetoka wapi. Lakini anasema yale masizi ya plastiki na magodoro yana sumu, na mtu akitoka jasho yanapenya ngozi. Hasa hapa." Akajigusa shingoni.

Raymundi akainua kidole, wote wakainama kumsikia. "Tulidhani ule weusi ni heshima," akasema. "Moto ukiuzima haufi. Unahamia kwenye koti, unakwenda nao nyumbani."

Walipotoka nje Hajra akasimama njiani. Akachomoa leso nyeupe mkobani, akailowesha kwa maji ya chupa, akamvuta Ausi chini ya kivuli cha ukuta na kumpangusa shingo. Leso ikatoka nyeusi.

"Umeoga lini?"

"Asubuhi, habibti. Mbona unaniaibisha njiani?"

"Na moto wa mwisho ulikuwa lini?"

"Juzi."

Hajra akaanza kulia palepale. "Nipe hilo koti nilifue, Ausi. Nakuomba. Nakupigia magoti."

"Hajra, usinifanyie hivyo. Siwezi kuingia kituoni nang'aa kama nimetoka dukani. Halafu kila doa pale nalijua. Lile la yule bibi niliyemtoa Dunda, lile la watoto wa Makurunge. Ukilifua utaniachia nini?"

"Nitakuachia koo lako!"

Aliyewahi kugombana na mtu ampendaye atajua kwamba hapo hapana mshindi. Ausi akakaza, Hajra akanuna siku tatu, siku ya nne wakapatana bila ya kulitaja koti. Jumapili Ausi akalitundika pale pale kwenye msumari wa chumba cha nyuma, akaenda Mbegani kuzungumza na mama yake. Saa tano asubuhi simu ikaita.

"Umekaa au umesimama?"

"Nimesimama, napiga pasi. Kuna nini?"

"Kaa. Mama amekubali. Mshenga anakuja kwa shangazi yako Ijumaa baada ya swala."

Hajra akapiga kigelegele mpaka Ummy akaunguza mto wa watu. Akamkumbatia Ummy, akalikumbatia na koti. Na hapo ndipo, wenzangu, furaha ilipomtia wazimu. Akajiambia: mwanamume anakuja kunioa, nami nitamzika kwa saratani kwa sababu ya kuogopa kununiwa? Nitalifua leo. Akinuna, atanuna akiwa hai.

Akalitumbukiza. Maji ya kwanza yalitoka kama lami. Ya pili vilevile. Ya tatu Ummy akachungulia na kusema, "Shoga, hili si koti, hili ni jiko." Sabuni haikufua dafu. Basi Hajra akafanya alichokuwa akifanya kwa mashuka yote yaliyoshindikana: akachukua chupa nzima ya dawa ya klorini akaimimina, akaliloweka koti mpaka Alasiri, akalisugua kwa brashi ngumu huku anaimba. Kisha akalianika kwenye jua kali, jua ambalo dobi analihesabu kama msaidizi wake wa pili. Lilikaa juani jioni ile na kutwa ya Jumatatu.

Lilitoka la manjano! Manjano ya embe dodo, na ile mistari ya mikononi inametameta. Jumatatu alasiri akaliingiza ndani, akalilaza mezani kulikunja. Ndani ya kola palikuwa na kipande kilichokuwa cheusi miaka yote, asijue mtu kuwa ni lebo. Sasa kilikuwa cheupe. Maandishi yalikuwa ya lugha asiyoijua, lakini alama alizijua, maana alama za nguo ni zilezile dunia nzima. Beseni. Pasi. Jua lililokatwa. Na pembetatu iliyopigwa mistari miwili ya kukatana.

Hakuna dobi asiyeijua pembetatu ile. Usitie dawa ya kung'arisha. Kabisa.

Akaushika mkono wa kulia wa koti penye kiwiko, akauvuta kidogo tu. Uzi ukalia *krr*. Akauachia kama umemuunguza.

"Hodi humu!" Ausi huyo mlangoni.

Alipoliona koti, tabasamu likamtoka usoni. Akasogea, akaligusa kwa ncha za vidole. Hajra akasubiri ukelele, na wallahi alikuwa anauomba, maana katika ukelele ule angepata pa kuliingiza neno lake.

"Sikujua kama lilikuwa la manjano," Ausi akasema pole pole. Akaliinua kuliona vizuri, macho yamejaa maji. "Wenzangu watanicheka mwezi mzima. Kuruta, kuruta. Basi na wanicheke. Mzee Raymundi hakuwa na mtu wa kumfanyia hivi."

"Ausi..."

"Nini, mke wangu?"

Mke wangu. Hakuwahi kumwita hivyo. Na Ijumaa ilikuwa bado siku nne tu.

"Hakuna," Hajra akasema. "Usichelewe zamu."

Nitamwambia baada ya Ijumaa, alijiambia. Posa ikishapokelewa nitamwambia, tutatafuta koti jingine. Siku nne tu hizo, moto hauji kila siku.

Moto ulikuja Jumatano, saa nane mchana. Ghala la magodoro kwenye barabara ya Kerege. Simu iliita Hajra akiwa anasuuza, akaipokea kwa mkono wenye povu, akasikia king'ora kabla ya sauti.

"Dobi wangu! Nakwenda na koti lako. Niombee dua!"

"Ausi, usilivae! Ausi, nisikilize, hilo koti..."

"Sikusikii! Nitakupigia!"

Ikakatika. Akapiga. Akapiga tena. Alipiga mara kumi na moja, na mara zote simu iliita tu ndani ya gari bila mtu wa kuipokea. Akakimbilia barabarani hana hata viatu, akadandia bodaboda, njia nzima anamwambia dereva "kaka twende, kaka twende," na dereva anamwambia dada naenda, unataka niruke?

Moshi ulikuwa mweusi, mzito, umelalia nyumba. Hajra alifika wakati mtu wa mwisho anatolewa. Mke wa mlinzi alikuwa amejifungia stoo kwa hofu, na Ausi alimfuata huko. Alitoka naye begani. Alipomshusha, watu wakaona kwamba mkono wa kulia wa koti haupo. Misumari ya bati lililoanguka ilikuwa imeudaka, na badala ya kushikilia kama kilivyoumbwa kushikilia, kitambaa kilichanika kama karatasi kutoka begani mpaka kifundoni, na lile bati la moto likalala juu ya nyama.

Ausi alikuwa akipiga kelele. Kelele ile Hajra anaisikia mpaka leo akifungua bomba la maji.

Hakumwendea. Hapo ndipo baadhi yenu mtamlaumu, na mna haki. Alisimama nyuma ya umati, kajiziba mdomo kwa mtandio, akawaona wenzake wanampakia. Ausi alikuwa anageuza shingo huku na huku anamtafuta mtu. Hajra akarudi nyuma hatua moja, na nyingine, na nyingine. Alipofika nyumbani kwa shangazi yake akazima simu, akajilaza sakafuni.

Ijumaa, mshenga alikuja. Ausi yuko wodi ya walioungua katika hospitali kubwa ya Dar, mkono umefungwa mpaka shingoni, lakini alikuwa ameagiza: posa isisimame. Shangazi Mwanaasha akamgongea Hajra mlango.

"Mwanangu, watu wamekuja na heri. Niwajibu nini?"

"Waambie sitaki."

"Hajra! Mtu yuko kitandani!"

"Shangazi, waambie sitaki. Sistahili. Sitaki!"

Shangazi alisikia *sitaki*, na hilo ndilo alilolipeleka ukumbini. Mshenga akakunja barua yake, akaaga kwa adabu, akaenda zake. Siku ya pili simu ya Ummy iliita pale dukani. Ummy akaiweka sauti ya juu bila kuuliza ruhusa, akaiweka mezani mbele ya Hajra.

"Ummy, yupo hapo?" Sauti ya Ausi ilikuwa nyembamba, ya mtu aliyechomwa sindano za maumivu. "Usimpe. Mwambie tu nimeelewa. Simlaumu. Nani atataka kukumbatiwa na mkono wa makaa? Mwambie... mwambie kanzu ya yule bwana harusi ilitakata kweli. Basi."

Hajra aliuma upindo wa kanga mpaka meno yakapita. Ummy akakata simu, akamgeukia.

"We mwanamke una roho gani? Unamkataa mtu kwa kovu?"

Ndipo Hajra akasema. Alisema yote, lebo, pembetatu, uzi uliolia, siku mbili za kunyamaza. Ummy akavuta kigoda akakaa, pasi ikawaka bure.

"Hajra," akasema mwishowe, "basi kuna jambo hulijui. Mama Verdiana kanipigia jana, maana simu yako imezimwa, na yeye kaambiwa na askari wa kituo. Lile koti limekaguliwa, wameona limeliwa na dawa. Wamemwandikia Ausi barua hospitalini ajieleze nani kaharibu kifaa cha jeshi. Anaweza kufukuzwa kazi. Na unajua kajibu nini? Kajibu alilifua mwenyewe."

Hajra akanyanyuka. Hakuuliza zaidi. Alijifunga baibui lake jeusi, akaenda moja kwa moja kituoni, akasimama mbele ya meza ya mkuu wa kituo.

"Afande shikamoo. Lile koti nililifua mimi."

"Marahaba. Ausi kaandika alilifua yeye."

"Ausi hajui kufua hata soksi, afande. Nililifua mimi bila ya idhini yake. Nilitia klorini. Nikalianika juani. Kama kuna wa kushitakiwa, nishitakini mimi."

Mkuu alivua miwani. Nyuma yake, kwenye misumari, makoti sita yalikuwa yametundikwa, yote meusi, na chini yake meza ya kulia chakula.

"Kwa nini ulilifua, binti?"

"Nilitoka kumwona Mzee Raymundi."

Mkuu akayageukia makoti yale, akayaangalia kama ndiyo kwanza anayaona. "Raymundi kanifundisha na mimi," akasema. "Binti, miaka yote hii hatujamwambia mtu koti linafuliwaje, kwa sababu sisi wenyewe hatufui. Andika maelezo yako, uweke sahihi. Ausi hatafukuzwa."

Ingekuwa hadithi ya uongo ingeishia hapo. Lakini Hajra alikuwa na mzigo mwingine, na alijua hakuna wa kumbebea. Asubuhi yake akaenda Dar. Alimkuta Ausi karibu na dirisha, kakonda, ndevu zimeota ovyo. Alipomwona Hajra uso wake ulifunguka, kisha ukajifunga tena.

"Umekuja kuona mabaki?"

"Nimekuja kukwambia. Sikukukataa kwa ajili ya mkono, Ausi. Nilijikataa mimi."

"Kwa ajili ya koti? Hajra, hilo nimelijua tangu walipolikagua. Ulilifua kwa mapenzi. Hukujua. Mtu hahukumiwi kwa asilolijua, mpenzi wangu, njoo hapa..."

"Nilijua."

Mkono mzima wa Ausi, aliokuwa anaunyoosha, ukabaki hewani.

"Jumatatu ile ulipoingia, nilikuwa nimeshaiona lebo. Nimeshauvuta mkono wa koti, uzi ukanililia. Nikanyamaza. Uliponiita mke wangu nikazidi kunyamaza. Nilitaka Ijumaa ifike kwanza." Alikuwa akilia bila kujipangusa. "Nilikuacha uingie motoni, Ausi, kwa sababu ya posa."

Ausi akaushusha mkono ule. Mgonjwa wa kitanda cha pili alijigeuza upande wa ukuta kwa heshima.

"Jumatatu," Ausi akasema. "Jumanne ulinipikia."

"Ndiyo."

"Tulizungumza rangi ya kanga za harusi."

"Ndiyo."

"Nenda, Hajra."

"Ausi, laazizi..."

"Nenda. Sina nguvu ya kukufokea. Nenda tu."

Akaenda. Alirudi kwenye mabeseni yake, akafua, akala akiambiwa kula. Wiki ikapita, na ya pili, na ya tano. Hakupiga simu, hakutuma ujumbe, kwa kuwa aliona hata neno samahani kutoka kwake ni uchoyo. Kitu kimoja tu alifanya. Alitafuta mtu wa kumsomea lebo ya makoti ya namna ile, akaandika kwa mkono wake kwenye karatasi: kung'uta na kusuuza pale pale moto ulipozimwa, maji ya uvuguvugu, sabuni laini, beseni lake peke yake, kuanika kivulini, lisiguswe na klorini, lisiingie chumba cha kulala. Akampelekea mkuu wa kituo. Makoti yakaanza kuja dukani kwake, moja moja, yameviringishwa ndani ya mifuko. Askari walicheka mwanzoni. Baada ya mazishi ya Mzee Raymundi hawakucheka tena.

Ilikuwa siku ya tatu baada ya mazishi hayo, asubuhi, Ummy kaenda sokoni. Hajra aliinua uso kwenye beseni akamwona Ausi mlangoni. Kanzu nyeupe, mkono wa kulia umejikunja kifuani, ngozi yake imevutika na kung'aa, vidole viwili havikunjuki. Begani kabeba koti jeusi.

"Asalaam aleikum."

"Waaleikum salaam." Hajra hakujua asimame au aendelee kuchutama.

"La Mzee Raymundi. Mama Verdiana anasema lirudi kituoni likiwa safi. Atalivaa mtu mwingine." Akalishusha. "Nimekuja tulifue. Nina mkono mmoja, lakini upande mmoja naweza."

Wakaligeuza nje ndani, wakalitia kwenye beseni la makoti. Maji yakawa meusi. Wakamwaga, wakatia mengine. Ausi alishika upande wake kwa kushoto, Hajra upande wake, na muda mrefu hawakusema ila "vuta," "geuza," "lete maji." Kwenye maji ya nne lebo ikaonekana.

"Nisomee," Ausi akasema.

"Beseni, maji ya uvuguvugu."

"Hii?"

"Jua lililokatwa. Kivulini."

"Na hii?"

Hajra akaigusa kwa kidole. "Pembetatu. Usitie dawa."

Ausi akatikisa kichwa polepole. "Hawanirudishi kwenye mpira wa maji, Hajra. Huu mkono haushiki tena. Wamenipa kazi ya kwenda mashuleni kufundisha watoto habari za moto." Akaligeuza koti. "Nalia siku nyingine nikisikia king'ora. Nakwambia ili ujue, nisije nikakuficha."

"Najua. Ni mimi."

"Kufua nimekusamehe siku ile ile. Kunyamaza, bado. Kila nikijaribu inanirudi ile Jumanne, wewe unacheka, unaniuliza kanga nyekundu au ya zambarau." Alikuwa bado ameshika koti. "Lakini nimejaribu na kukuacha, Hajra. Wiki tano. Hilo ndilo limenishinda kabisa."

Hajra alifunika uso kwa mikono iliyojaa povu.

"Nataka kitu kimoja," Ausi akasema. "Ukiona jambo, niambie. Hata liwe chungu. Hata kama kesho yake ni harusi. Utaniambia?"

"Nitakwambia."

"Wallahi?"

"Wallahi, Ausi."

"Basi mwambie shangazi, mshenga anarudi Ijumaa."

Hajra akamtazama. Kuna kitu alikuwa amekiona tangu Ausi alipoliweka koti chini.

"Ausi."

"Naam."

"Kanzu yako ina doa. Begani, pale ulipobeba koti. Kubwa, limeshuka mpaka mgongoni. Na shingo yako imeguswa pia."

Ausi akageuza shingo ajione, akashindwa. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano ile, ule mwanya ukachungulia.

"Nawe unaniacha nakaa nalo saa nzima?"

"Nimekwambia sasa."

"Umeniambia," Ausi akasema. Akaanza kuvua kanzu kwa mkono mmoja, akakwama, Hajra akainuka kumsaidia. "Litatoka?"

"Simama hapo, usiliguse," Hajra akasema, akaenda kuchukua poda.